Umbea Haulipi Ushuru

Mpakani Busia, trei ya mayai huulizwa kwao ni wapi. Uvumi hupita kifua mbele. Hata njia ya panya hauihitaji.

Uganda ilijaribu kuutoza ushuru. Kuanzia 1 Julai 2018, baada ya Rais Museveni kulalamikia umbea wa mitandaoni, kila aliyetaka kuingia WhatsApp au Facebook alidaiwa shilingi 200 kwa siku. Wajanja wakajificha nyuma ya VPN, umbea ukanenepa. Julai 2021 kodi hiyo ikazikwa, na mrithi wake akawa ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Kenya nayo, mwaka huohuo wa 2018, ilitunga sheria ya faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa mwenye kuchapisha uongo makusudi.

Mjomba wetu wa Matayos, huko huko Busia, hatishiki. WhatsApp ilipoamua mwaka 2020 kwamba ujumbe uliosambazwa mno upelekwe kikundi kimoja kimoja, alivumilia, akapeleka kimoja kimoja hadi vikaisha.

Haya mjomba, kabla hujabonyeza: nani kakwambia, naye alikuwepo? Ukijibu, “Nimetuma kama nilivyopokea,” jua kwamba hata mafua husambazwa hivyo hivyo.