Taulo la Kiwikoni

Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia viligoma mwezi wa Julai. Kile cha mwisho kilikufa ganzi kabisa. Cha pete kilikufa nusu, upande ule unaopakana na mgomaji. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alizikwa kwetu Nyeri mwaka 1941, na shuleni mimi nilikuwa skauti wa kutajika. Nikajaribu saluti ya zamani: kidole gumba kikakibana kile kidogo, na kile kidogo hakikuwa na habari.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakuhangaika na vidole. Alinigonga nyuma ya kiwiko kwa ncha ya kidole chake, nikaruka kama niliyeshika waya wa stima.

"Neva imebanwa hapa, kando ya mfupa. Ukikunja mkono inavutika zaidi. Unalala vipi, mzee?"

"Kama mtu yeyote wa Nyeri mwezi wa Julai. Magoti tumboni, ngumi kidevuni."

Kosa. Kuegemeza kiwiko dirishani mwa matatu kila asubuhi kutoka Karatina, kosa. Simu sikioni nusu saa nikibishana na shemeji juu ya mpaka wa shamba, kosa pia. Dawa ilikuwa taulo: lizungushwe kiwikoni usiku, lifungwe, mkono usikunjike. Ikishindikana kuna upasuaji, na wengine neva zao huhamishwa kutoka nyuma ya mfupa zikapitishwa mbele. Yangu haihami bila hati ya kumiliki ardhi.

Nikalala nimenyoosha mkono. Ukatokeza nje ya blanketi, baridi ya mlima ikaukuta huko. Asubuhi ganzi ya neva ilikuwa imepungua, ya baridi imeshika zamu.

Siku moja nilichelewa kuamka, nikapita sokoni Karatina taulo likiwa bado kiwikoni. Utani kuhusu waume wa Nyeri kupigwa na wake zao unajulikana Kenya nzima. Mama wa viazi akanitazama kwa huruma.

"Pole, baba. Alitumia mwiko ama sufuria?"

Nikamweleza habari za neva, kituo kwa kituo.

"Ndivyo wanavyosema wote," akajibu, akaniongezea viazi viwili vya pole.

Tangu hapo mama watoto akienda sokoni, wauzaji humpimia mpaka debe linafurika, na hakuna anayethubutu kubishana naye bei. Juzi nikamwambia vidole vimeamka, taulo sasa nalivua. Akaniomba nivumilie nalo mpaka mwisho wa mwezi.