Programu Isiyotaja Kwao

Kwenye kibanda cha gemu, hitilafu haikosi mshtakiwa. Filamu ikigoma kuonyesha maandishi ya chini, Mwanjelwa ya Mbeya watailaumu flashi, Kihesa ya Iringa wataulaumu umeme, na fundi wa mji wowote atasema ni waya. Mara nyingi wote hawa hawana hatia. Mashine ya gemu iliyochakachuliwa ili icheze filamu huwa na nakala mbili tatu za programu ileile. Mwenye kibanda ameweka toleo jipya kwenye moja, mashine inawaka na nyingine. Kwa hiyo hoja yangu ni ndogo: programu ya kuchezea filamu kwenye mashine ya namna hiyo inapaswa kuandika kwenye skrini, waziwazi, imewashwa na faili gani na faili hilo lipo wapi.

Tuanze na PlayStation 2, mkongwe wa vibanda. Ina matundu mawili ya memori kadi, mc0 na mc1, na kadi yake ya kawaida ni ya megabaiti 8. Free McBoot, inayoiwezesha kuwasha programu za mafundi bila diski, hukaa kwenye kadi, na mipangilio yake hukubali anwani inayoanza na “mc?”, maana yake kadi yoyote kati ya hizo mbili. Weka Simple Media System, programu ya kuchezea filamu, kwenye kadi zote, huku ya zamani na kule mpya, kisha uliza ni ipi inayocheza filamu. Mashine imeshakujibu: alama ya kuuliza. Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, ilikuwa na adabu zaidi, lakini haikuwa na uwazi zaidi. XBMC, iliyotokana na Xbox Media Player ya 2002 na ambayo tangu 2014 inaitwa Kodi, iliita folda yake Q, hata kama ilikuwa imelala kwenye C, E au F. Ni sawa na basi la abiria: likiingia stendi ya Ipogoro, Iringa, na kusema limetokea Makambako, halijasema kitu, kwa kuwa hapo ndipo barabara ya Mbeya na ya Songea zinapokutana. Mwenye mzigo uliopotea ataufuata Njombe, kumbe umeachwa Uyole, Mbeya.

Wapenda urembo watapinga: mteja amelipia filamu, hakulipia kusoma mikwaju na nukta. Sawa, mstari huo ukae kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo, ambako mteja haingii na fundi hakosi. Wengine watasema habari hiyo tayari imo kwenye faili la kumbukumbu (log). Ni kweli, Kodi huandika humo ni faili gani limeiwasha. Ila kwenye Xbox kumbukumbu hizo ziliwekwa Q, ndani ya folda ileile inayotafutwa. Anayejua pa kuzisoma hana tena haja ya kuzisoma. Pingamizi zito ni la tatu: bakiza nakala moja, futa nyingine zote. Lakini nakala ya akiba si uchafu pale ambapo umeme unaweza kukatika katikati ya kunakili. Isitoshe, kabla ya kufuta lazima ujue ipi inafanya kazi. Ukikosea, utabaki na toleo jipya kabisa lisilo na wa kuliita, na televisheni nyeusi Jumamosi ya mechi.

Wala kisingizio cha nafasi hakisimami. Xbox ile ilikuwa na megabaiti 64 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na bado XBMC ilimudu menyu, majalada ya albamu na hata utabiri wa hali ya hewa. Programu iliyopata nafasi ya kutangaza mvua ya kesho isituambie imekosa nafasi ya mstari mmoja wa kutaja kwao.