Samaki wa Kupigwa Picha

Babu yangu alivua Lamu miaka arubaini kwa mshipi, chubwi na kidole cha shahada. Alfajiri anatoka, alasiri anarudi, na bibi keshakuna nazi kabla hata ya kuliona tanga, maana haikumpitikia kwamba mtu mzima mwenye akili zake aweza kwenda kuvua akarudi bila kitoweo kwa hiari yake. Kwa bahati mbaya, hayo hutokea. Siku hiyo tulikula mchicha na hapana aliyesema neno. Kwa hiari, la.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue nimeudhika kutoka wapi.

Binti yetu anayefanya kazi Nairobi ndiye aliyeamua kwamba mimi na mamake, kwa kuwa nimestaafu ukarani, twende likizo Naivasha. Nikamuuliza kuna nini huko. "Kuna ziwa, Baba." Nikamwambia mimi mtu wa kisiwani, maji nimeyaona. "Lile halina chumvi, Baba." Mamake alikuwa tayari anafunga mizigo.

Tukapanda treni, tukapanda matatu, tukateremka Bonde la Ufa, na magharibi ilipoingia nikagundua jambo ambalo hakuna aliyenidokezea: kuteremka kote kule, bado ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Nililala na kanzu, sweta, soksi na kofia. Mke wangu alilala na mablanketi yote mawili.

Kabla hata sijapata joto, simu ikalia. Binti. "Amkeni, nimewalipia kuvua samaki asubuhi hii. Mtakuwa na gaidi wenu." Mke wangu akashika kifua. Ilibidi binti arudie mara tatu kwamba ni kiongozi wa watalii, ndivyo wanavyoitwa siku hizi, hana bunduki.

Gaidi wetu alikuwa kijana mpole, mwenye buti za mpira. Nikangoja shikamoo, haikuja. Ilikuja jaketi okozi ya rangi ya machungwa, akanifunga yeye mwenyewe kamba za kifuani kama mtoto anayepelekwa chekechea.

"Leo tunatafuta basi, mzee."

"Si tunakwenda ziwani?"

"Ndiyo. Basi."

"Basi nini?"

"Basi ndiyo samaki, mzee."

Tulikwenda hivyo kwa muda. Kumbe ndilo jina lake, basi, na kwao ni Marekani. Walowezi wa Kizungu walimleta katika miaka ya 1920, kwa kuwa waliona ziwa zuri namna ile halina samaki wa kuwachezesha. Aliyekuwamo kwa asili ni kisamaki kidogo tu, na hicho hakijaonekana tangu miaka ya 1960. Tilapia naye kaletwa. Kamba wekundu unaowaona kando ya maji ni wa Louisiana, wameingia mwaka 1970. Hata gugu maji lile linalotandaza maua ya zambarau lina kwao, Amerika ya Kusini. Nikatazama huku na huku nikaona mwenyeji ni kiboko peke yake, na yeye sura yake haikunionyesha kwamba anapenda wageni.

Tulimpita kwa mbali. Kijana alizima mtambo akanong'ona, "Tunyamaze kidogo, iko na mtoto." Mimi nilishanyamaza zamani, nilikuwa katikati ya Ayatul Kursi. Mke wangu anapiga picha.

Kuvua kwenyewe sasa. Hupewi mshipi ukaushika. Unapewa fimbo nyembamba yenye kigurudumu, na mwisho wa mshipi kuna mnyoo wa plastiki wenye rangi ya peremende. Ndani yake imefichwa ndoana. Nikauliza chambo kiko wapi. Hicho. Nikamuuliza kijana kama yeye angekula kitu kile. Akacheka kwa adabu, akanieleza kwamba basi hukaa mafichoni, chini ya mafunjo na kwenye miti iliyozama, akivizia. Basi yampasa mtu arushe pale pale ukingoni, auache mnyoo uzame, kisha auvute pole pole, uonekane kama kitu kigonjwa. "Ukiskia imeguza, vuta!"

Mara ya kwanza nilirusha nyuma. Mara ya pili mshipi ulitoka kwenye kigurudumu wote kwa pamoja ukafanya kiota cha ndege, na kijana akakaa robo saa akikitatua huku ananiambia hakuna shida. Mara ya tatu nilirusha kwa nguvu zangu zote, nikahisi kitu kimenishika kichwani, nikapiga kelele kwamba nimempata.

Nilikuwa nimejivua mwenyewe. Ndoana ilikuwa imeingia kwenye kofia yangu ya vito. Si kofia ya kiwandani: imeshonwa kwa mkono, Lamu, kitundu kwa kitundu, miezi kadhaa ya macho ya mtu, na nilivaa kwa kuwa sikuwa na nyingine ya kuzuia baridi. Ndoana ile ina jino linaloangalia nyuma, ukiivuta, inachana. Kijana akakata mshipi kwa koleo, akanivika kofia na ndoana yake, mnyoo wa plastiki ukining'inia sikioni.

"Sasa umekuwa chambo," akasema mke wangu. Ndiyo mara yake ya kwanza kucheka tangu tufike.

Wakati huo kijana aliona afadhali anifurahishe. Akatoa tilapia mdogo kwenye ndoo, akamtia kipande cha bua la mafunjo mdomoni ili aelee, akapiga mluzi. Juu ya mti mkavu kulikuwa na furukombe, kichwa cheupe, kimya kama hakimu. Kijana akamtupa yule samaki majini. Ndege akashuka, akanyosha kucha, akachukua, akarudi mtini kula. Hakuloa hata bawa. Nikatia hesabuni: furukombe hakulipa kitu na kafungua kinywa na samaki mzima. Mimi nimelipiwa shilingi elfu nane (niliiona risiti baadaye) na nina mnyoo sikioni.

Ndipo fimbo ya mke wangu ikapinda.

Hakupiga kelele. Alivuta kama anavyovuta ndoo kisimani, akamleta kandokando ya boti: mrefu kama kutoka kiwiko changu hadi kifundo cha mkono, mgongo wa kijani cha kukolea, ubavuni mstari mweusi kama wa wanja, na mdomo. Sijaona mdomo ule. Taya linapita nyuma ya jicho. Mke wangu akamkadiria kwa jicho la jikoni akasema, "Huyu wa kupaka." Na mimi, nisiseme uongo, nilisikia harufu ya tui na ukwaju pale pale juu ya maji baridi.

"Hapana mama," akasema kijana. "Hii tunapiga picha, halafu tunairudisha kwa maji."

Tukadhani ni ngeli tu zimemchanganya, hajui asemalo. Alijua. Ndiyo sheria ya waliomwajiri: basi ni wa mchezo, hutolewa ndoana, huoneshwa kamera, hurudishwa, ili mwingine aje alipe amvue tena. Nikamuuliza samaki mmoja huvuliwa mara ngapi. Akasema wengine wanakuwa na alama mdomoni. Yaani yule samaki alikuwa na uzoefu wa kazi kunishinda.

Mke wangu alimshika mikono miwili, akapigwa picha, akamwachia. Alizama bila haraka. Kisha akanitazama mimi, mke wangu, mtazamo wa mtu aliyeozwa ukoo wa wavuvi akaahidiwa kwamba njaa haitamjua.

Mchana tulikula tilapia wa kukaanga kwenye kibanda cha mama mmoja Karagita, shilingi mia nne, na ugali, na kachumbari isiyo na ndimu. Sikulalamika. Nilikuwa na njaa.

Ndoana bado imo kofiani. Mafundi wawili wa Mji wa Kale wameitazama wakatikisa kichwa. Msomaji anayejua namna ya kuitoa bila kuharibu vito, naomba anitafute kabla ya Idi.