Bando Limekata, Mlinzi Kalala

"Mzee, chomoa flashi yako, ina kirusi, itatuulia mashine!" Kijana wa steshenari aliyasema hayo leo asubuhi kwa sauti iliyofika hadi kituo cha daladala. Foleni nzima ikageuka. Mama aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akakumbatia bahasha yake, na bwana mmoja akauliza kama ni kile cha zamani au wimbi jipya. Mimi nilitaka tu kuprinti barua ya mkopo wa SACCOS, kurasa mbili.

Hata hivyo, kilichokuwamo kwenye flashi ni kazi ya fundi hodari. Kirusi hicho hakifuti hata herufi. Kinazificha folda zako zote, kisha mahali pa kila moja kinaweka njia ya mkato yenye jina lilelile na picha ileile, ila pembeni ina kamshale kadogo. Ukibofya, amri mbili zinatekelezwa: ya kwanza inakiwasha kirusi, ya pili inakufungulia folda yako halisi, usome barua kwa raha zako. Adabu iliyoje! Ukija kuimaliza aya ya kwanza, chenyewe kimeshahamia kwenye kompyuta, kinangoja flashi ijayo. Na steshenari flashi za mtaa mzima hupita tundu moja. Nina yakini yangu iliambukizwa palepale. Lakini aliyetangazwa ni mimi.

Nyumbani ninayo programu ya kuyakamata mambo haya, Defender, inayokuja na Windows bure. Asili yake ni programu ya kuzuia ujasusi ya kampuni ya GIANT, ambayo Microsoft iliinunua Desemba 2004. Inafanya kazi kama mlinzi wa geti mwenye daftari la picha za wezi: kila faili likipita, analinganisha. Daftari lenyewe huongezewa kurasa mara kadhaa kwa siku, maana wezi hawapumziki; taasisi ya AV-TEST ya Ujerumani husema inasajili programu mpya zaidi ya 450,000, mbaya na zisizotakiwa, kila siku. Mlinzi wa siku hizi huchunguza na mwenendo pia. Akimtilia mtu shaka, huuliza makao makuu, kwa intaneti.

Hapo kwenye intaneti ndipo tunapokosana. Waliomwajiri mlinzi huyu wanadhani intaneti inatiririka ukutani usiku na mchana. Yangu inatoka kwenye simu, kwa bando la wiki. Mpwa wangu akaniambia niiarifu Windows kwamba mtandao huu ni wa kupimiwa, isije ikalilamba bando lote. Ikatii kupita kiasi: hata daftari la wezi ikaacha kulishusha. Nilipoiachia jioni moja, ikaanza na sasisho nene la Windows yenyewe, na bando likakata kabla zamu ya mlinzi haijafika.

Mlinzi akiwa kalala hivyo, siku moja dirisha jekundu likapiga kelele kuwa nimeambukizwa; kumbe lilikuwa tangazo tu. Antivairasi ya pili, aliyoniletea jirani ikiwa imeshavunjwa kufuli, ilikuja na virusi vyake.

Kinachoniudhi hasa ni kuitwa mzembe. Megabaiti nilizolipia kwa fedha halali hufa muda wake ukifika, nimezitumia nisizitumie, halafu naambiwa sijali usalama. Usalama unaodai intaneti kila saa ni usalama wa wenye intaneti ya kila saa.

Kampuni za simu haziwezi kusema kazi ni ngumu. Zinauza bando la mitandao ya kijamii peke yake, kwa hiyo kuchambua kipi ni kipi zinakujua vizuri. Basi ziyaache masasisho ya usalama yapite bila kukata kitu. Faida ni ya mtaa mzima, steshenari ikiwemo.

Kwa sasa, ndugu msomaji, barua yako itume steshenari kwa WhatsApp. Watakuprintia kimyakimya.