Mwambieni Mama si Pata Potea

Kwa wazee na vijana wa benchi la kinyozi, Kondele, Kisumu,

Nawaandikia kutoka Leicester, Uingereza. Nasikia habari zangu zimefika huko kabla ya barua yangu, na zimefika zikiwa zimeota mikia. Shangazi wa Nyalenda alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri ya kwenu, ambayo kwangu ni saa nane ya usiku, akitaka kujua kama ni kweli nimeacha kazi ya kutunza wazee na siku hizi nakesha nikicheza karata na wanaume wenye ndevu. Mama naye ameshapeleka jina langu kwa akina mama wa kanisa liombewe.

Naomba mmoja wenu avuke barabara leo hii amwambie: kazi bado ninayo, karata ni Ijumaa jioni tu, na si pata potea. Hakuna mtu aliyechuchumaa kando ya stendi akizungusha karata tatu juu ya katoni huku wenzake wakijifanya abiria walioshinda. Tunacheza ndani ya duka, mezani, taa zikiwaka, na zawadi yenyewe haifikii bei ya mbuta mmoja wa kushibisha nyumba.

Mchezo unaitwa Magic: The Gathering. Hilo jina Mama asilisikie. Kampuni iliyoutoa Agosti 1993 inaitwa Wizards of the Coast, na hilo pia mlimeze. Aliyeubuni, Richard Garfield, ni Mmarekani mwenye shahada ya udaktari wa hisabati. Hilo ndilo la kumwambia, maana hisabati anaiheshimu. Akizidi kuuliza, mwambieni kuna karata maarufu inaitwa Wrath of God, inayofyeka viumbe wote mezani, wangu na wa adui, bila kubagua. Nadhani kanisani wataielewa kuliko mimi.

Sheria kwa ufupi. Kila mchezaji anakuja na fungu lake la karata, zisipungue 60. Karata ya jina moja haizidi nakala nne, isipokuwa ardhi za kawaida, ambazo unaweka upendavyo. Unaanza na karata saba mkononi na uhai 20. Kila zamu unaokota karata moja na unaweza kuweka ardhi moja mezani, na ardhi ndiyo inayolipia mengine yote: viumbe wa kushambulia, moto wa kuunguza, dawa za kuzuia. Uhai ukifika sifuri umekufa. Ukitakiwa kuokota na rundo lako limeisha, umekufa pia, hata kama ulikuwa na uhai tele. Hilo la mwisho lishikeni, lina kazi mbele.

Najua mmeshakwama pale mwanzo. Mtu anakuja na karata zake? Kwetu mtu akitoa karata mfukoni tunampekua hadi soksi. Huku ndiyo mchezo wenyewe: vita huanza nyumbani, umekaa sakafuni, unachagua karata 60 kati ya aina zaidi ya 25,000 zilizokwisha kuchapishwa. Vijana wengi hapa hujaza viumbe wadogo wa mbio pamoja na moto, wakitaka kukumaliza kufikia zamu ya nne au ya tano. Mimi nikashika upande wa pili, na lawama zote ni za fundi wa baiskeli.

Mnajua anavyocheza karata zetu pale kwenye benchi. Nyinyi mkipata mbili mnamtupia jirani aokote mbili, mkipata tatu aokote tatu, na Joka, yaani joker, likiingia mkononi mnalitupa papo hapo ili mwone mtu akiokota tano, halafu mtambe hadi Kibuye. Yeye hapana. Anajibu maswali yenu ya kwini na nane, anarukwa na jeki bila kulalamika, mfalme akigeuza mchezo anageuka nao, na esi mbili za kuzuia zimelala mkononi mwake tangu saa nne. Halafu mtu anasema "niko kadi", yaani anakaribia kumaliza, na hapo ndipo mzee anapokohoa. Karata ya kuzuia haina kazi mpaka mwenzako awe na jambo la kuzuiwa, na hilo sikulisoma kitabuni, nililiona pale.

Shule yangu ya pili ilikuwa Dunga. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa omena hawaendi ziwani, maana taa haimvuti omena ikiwa mbingu yenyewe inawaka, na bichi nzima inakaa kivulini na karata kutwa. Pale hakuna mwenye haraka ya kumaliza mchezo, kwa kuwa akimaliza atatumwa kushona nyavu. Mchezo mmoja wa Dunga unazika mitatu ya Kondele.

Kwa hiyo fungu langu ni la kujihami. Lina ardhi 26, na hapo tu vijana wanacheka, kwa sababu wao wanatosheka na 20 au 21. Lakini anayejihami hawezi kukosa ardhi. Akikosa ya nne, Wrath of God inabaki pambo. Halafu kuna karata za kukataa, kama Counterspell: mwenzako anatangaza karata yake, analipa, anatabasamu, na wewe unalipia ardhi mbili za buluu ukisema hapana, inakwenda makaburini kabla haijafanya lolote. Kuna za kufyeka. Kuna za kuokotea zaidi, maana mkiuana moja kwa moja kutwa nzima, mshindi ni yule aliyebaki na moja ya ziada. Viumbe wa kushambulia? Wawili. Ndugu zangu, wawili, katika 60.

Hili sikulibuni mimi. Katikati ya miaka ya 1990 Mmarekani Brian Weissman alitengeneza fungu ambalo hadi leo linaitwa The Deck, basi, utadhani hapajawahi kuwa na lingine. Wa kumalizia kazi walikuwa malaika wawili tu, Serra Angel. Mengine yalikuwa kukataa, kuokota na kungoja, pamoja na karata ya Moat, handaki ambalo kiumbe asiyeruka hawezi kulivuka kuja kukupiga. Wenzake waliwaza namna ya kupiga. Yeye aliwaza amebaki na karata ngapi na mwenzake amebaki na ngapi. Mzee wa baiskeli anapiga hesabu hiyo hiyo, spana ikiwa mkononi.

Halafu kuna Teferi. Mwaka 1996 ile kampuni ilitoa toleo la Mirage, lililojengwa kwa sura ya Afrika, na humo mtamkuta Askari mwenye mkuki wa moto, ndege-simba anayeitwa Zuberi, na mnyonya damu mmoja kwa jina Shauku. Kuhusu Shauku sina la kuongeza, sote tumewahi kukutana naye. Teferi anatoka bara la hadithi la toleo hilo, mtu mweusi, bingwa wa kuchezea muda. Mwaka 2018 akapewa karata ya kutisha, Teferi, Hero of Dominaria. Inakuongezea karata, na pia inaweza kuchukua kitu chochote mezani kisicho ardhi na kukirudisha katika rundo la mwenyewe, cha tatu kutoka juu. Chochote, hata Teferi mwenyewe. Wajanja wakaona upenyo: nikimrudisha Teferi kwenye rundo langu tena na tena, rundo langu haliishi, la mwenzangu litaisha. Wakawatoa hata wale viumbe wawili. Wakawa wanashinda bila kumpiga mtu kofi, wanakataa tu na kungoja mpaka mwenzao aokote hewa. Nilipoielewa hiyo nilisimama nikazunguka chumba.

Sasa niwape mechi moja. Ijumaa iliyopita nilipangwa na kijana wa miaka kama 13, miwani, chupa ya maji, fungu la viumbe wa mbio na moto. Baba yake amekaa nyuma na simu. Kijana akanikimbiza: 20, 17, 13, 9. Kila pigo analiandika daftarini kwa mwandiko wa kupewa zawadi, nami naandika langu. Nikafyeka meza. Akaokota, akaitazama karata, akanitazama mimi. Ardhi ikishatumika hulazwa ubavu, lakini mbili zangu za buluu zilikuwa bado zimesimama, na mkononi nilikuwa na karata tatu. Nikavaa uso wa fundi wa baiskeli. Nikazipanga upya zile karata, taratibu, nikavuta moja nusu, nikairudisha. Kijana akaguna, akasema amemaliza zamu, hakuweka kitu. Zamu iliyofuata vivyo hivyo. Ndugu zangu, mkononi mwangu mlikuwa na ardhi tatu. Ardhi tupu! Hata za kumzuia kuku sikuwa nazo.

Tatizo ni saa. Raundi ni dakika 50, anashinda anayepata michezo miwili kati ya mitatu. Dakika zikiisha mnaongezewa zamu tano na hapo pazia linashuka. Anayejihami hushinda polepole, na polepole huku wanaitilia shaka. Kijana akainua mkono: "Refa!" Refa akaja, akasikiliza, akaniambia kwa adabu nichangamke. Kuwaza kupita kiasi ni kosa lenye jina na adhabu yake. Ifikirieni sheria hiyo Dunga! Tukaishia sare, na baba yake akanipa mkono kwa huruma ambayo sikuiomba.

Sare zenyewe zina utamu wake. Ushindi ni pointi tatu, sare moja, kama Gor Mahia kwenye ligi ya soka, na kila raundi unapangwa na mtu mwenye pointi zinazokaribiana na zako, hivyo hakuna anayetolewa mapema. Katika mashindano makubwa nane bora ndio wanaoendelea, na watu wawili wakiona sare inawafikisha wote, wanaruhusiwa kukaa, kupeana mikono na kuandika sare bila kutoa karata hata moja. Hadharani, refa akiwatazama! Nikadhani nimefika nyumbani. Nikamuuliza refa, je, mmoja akimwachia mwenzake mechi ili wagawane zawadi? Akabadilika rangi. Kumpa mtu chochote ili akuachie mechi ni kosa linaloweza kukufukuzisha, na kurusha kete au sarafu kuamua mshindi ni balaa lile lile. Woga unaruhusiwa, biashara hapana.

Yote hayo yameandikwa. Kitabu cha sheria zao kina kurasa 300 hivi. Ubishi ukizuka, refa anafungua simu, anasoma kifungu chenye nambari, na ubishi unazikwa kabla chai haijapoa. Mimi niliyekulia mahali ambapo sheria ni ya mwenye sauti kubwa, nilipata kizunguzungu. Mnakumbuka Krismasi ile: Joka limetupwa, mtu akaweka esi, nusu ya benchi ikasema esi inazuia kila adhabu, nusu ikasema Joka haliguswi na esi. Kinyozi alimwacha mteja na kichwa nusu. Kuna watu wawili hawakusalimiana hadi Pasaka. Na yule jamaa wa Mbita akaongeza petroli kwa kudai kwamba kwao ukimaliza kwa swali umeshinda.

Lakini msidhani nimewahama. Kuna jambo linaniudhi huku, nalo ni mfuko. Pakiti ndogo ya karata zisizozidi 15 inauzwa pauni 4 na zaidi, shilingi 700 hivi, na hujui kilichomo mpaka umeichana. Hapo, kusema kweli, Mama hakuwa mbali sana na pata potea. Karata moja nzuri ya kujihami inaweza kuuzwa peke yake kwa bei ya viatu. Mwaka 2023 mwanamuziki Post Malone alinunua karata moja, The One Ring, iliyochapishwa nakala moja tu ya aina yake duniani, kwa dola milioni 2 hivi. Na mnajua karata hiyo ikitua mezani inakufanyia nini? Inakukinga mpaka zamu yako inayofuata. Halafu inakuokotesha karata huku ikikupunguzia uhai. Dola milioni 2, na kinga yenyewe ni ya zamu moja!

Kwetu pakiti ya karata 54, Majoka yote mawili yakiwamo, inalisha mtaa mzima. Mwenye hadwea na kijana wa boda boda wanaokota kwenye rundo moja, na fundi wa baiskeli anawazuia wote wawili kwa esi ambazo hakuzinunua. Kwa kujihami, kura yangu bado ni yenu.

Sasa ombi. Nakuja Desemba. Kabla sijafika, kaeni mchague refa. Asiwe kinyozi, ana wembe. Asiwe fundi wa baiskeli, anashinda mno. Andikeni sheria kwenye karatasi moja, upande mmoja, mwibandike kando ya kioo: esi inazuia Joka au haizuii, swali linamaliza au halimalizi, na asiyesema "niko kadi" anaokota ngapi. Waalikeni Dunga, ila tazameni mwezi kwanza, kukiwa na giza hawatakuja. Kiingilio kiwe shilingi hamsini, mshindi apewe ngege wa kukaanga na ugali wake. Saa ya kuhesabu dakika nitaleta mimi, na yeyote atakayemwambia mzee kuhusu ule mwiko wa kuwaza sana, amwambie nikiwa bado Leicester.