Kiwambo cha Baba Mkwe

Kila mwaka mpunga unapoanza kutia maziwa, nyumba yetu hapa Bahi huamshwa na bunduki. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mke wangu akiwa bado anapuliza moto, Baba mkwe hukohoa mara mbili, huvaa mabuti yake ya mpira na kutoka. Punde si punde: twaa! Mtoto mchanga anaangua kilio. Jogoo aliyekuwa anajiandaa kuwika anaghairi. Beberu wetu mweusi ameshakata kamba mara tatu kwa ajili ya mlio huo, na mara ya tatu alikamatwa ng'ambo ya reli akiwa ndani ya mtama wa watu. Faini nikalipa mimi, si Baba.

Mwenyewe hausikii. Masikio yake yalianza kuziba miaka mingi iliyopita, na anaamini kwa dhati kwamba bunduki yake ina sauti ya kistaarabu. "Inakohoa tu hiyo," husema.

Ni bunduki ndogo kweli, ya pointi ishirini na mbili. Risasi zake hazina fataki katikati ya kitako kama za bunduki kubwa. Kilipuzi kimefichwa kwenye ukingo wa ganda, na pini hugonga pembeni. Kichwa cha risasi kina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, mtu akikishika kiganjani anaweza kukidhania punje ya hindi. Leseni yake imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko uko ndani ya Biblia yake ya Kigogo, na ada huilipa kabla hajanunua hata mbegu.

Mtu asiyelima mpunga atauliza bunduki ya nini. Ni kwelea kwelea. Ndege mmoja hafiki gramu thelathini, lakini hula nafaka kama gramu kumi kwa siku, na hawaji mmoja mmoja. Kundi la milioni moja humaliza tani kumi kabla jua halijazama. Wakizidi, serikali huleta ndege ya kunyunyizia sumu kwenye malalo yao. Wenzetu wa Kondoa huwatega, wakawauza kama kitoweo. Sisi tunaosubiri ndege ya serikali tunaamia: watoto juu ya dungu, madebe, makombeo, na utepe wa kaseti za zamani uliotandazwa juu ya mpunga ulie kwa upepo.

Baba haamini utepe. Lakini tusimsingizie, hajawahi kuua hata kwelea mmoja. Risasi ile ndogo inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na mbele ya shamba kuna watu. Kwa hiyo analenga kichuguu kikubwa kilicho mwisho wa jaruba letu, anakipiga, ndege wanaruka kwa kishindo, anarudi kunywa uji. Kichuguu kile sasa kina risasi nyingi kuliko mchwa.

Wazo la kiwambo cha sauti lilitoka kwa mwanangu wa kidato cha pili, mtaalamu wa sinema. "Baba, si tumfungie Babu kile kidude cha mdomoni? Inatoa 'fyu' tu." Akanitajia na vingine vinavyofungwa kwenye mdomo wa bunduki: kimoja huficha mwako, kingine hupunguza teke. Mwako wa ile bunduki huuoni hata gizani, na teke lake halimtikisi mzee wa miaka themanini. Kikabaki kiwambo. Nikakilalia usiku mzima. Nilishasoma kwamba Norway na Finland wawindaji wanavitumia kama kitu cha kawaida, kwa kulinda masikio na kuwahurumia majirani. Nikaona, basi, na sisi tuna majirani.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilianza kuulizia bei kabla ya kuulizia sheria. Jirani alikuwa anakwenda Dodoma mjini, nikampa ujumbe kwa shemeji yangu, kitinda mimba wa Baba, fundi wa gereji: "Mwambie aulize bei ya sailensa, asinunue." Maneno ya kupitia mdomo wa mtu hudondosha vitu njiani. Safari hii kilichodondoka ni ile "si".

Keshoye ndipo akili ikanirudia, nikampeleka Baba kituoni tukaulize kwa adabu. Askari alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo, mzee."

"Nimeshalipa," Baba akajibu, akafungua Biblia.

Nilipoeleza shida yangu, askari aliacha kuandika. Akaichukua leseni, akaweka kidole juu ya mstari mmoja mmoja kama mwalimu wa darasa la kwanza. Aina ya silaha, hii hapa. Namba yake, hii hapa. Jina la mmiliki, la mzee, wala si lako wewe uliyekuja na maneno. "Sasa nionyeshe kiwambo kimeandikwa wapi." Hakikuandikwa. Akanikumbusha kwamba tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kwamba bunduki hukabidhiwa mtu kama ilivyo, na kwamba fundi yeyote asiuguse mtutu ule. Baadaye nilijisomea mwenyewe nikakuta Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 kuhusu silaha inakihesabu kifaa cha kupunguza mlio kuwa sehemu ya silaha, sawa na mtutu wenyewe. Kumbe nilichodhani ni kifuniko cha chupa, duniani kinaandikwa daftari moja na mtutu.

Kisha askari akaniuliza swali ambalo mke wangu alikuwa ameniuliza tangu jana yake, nami nikajifanya sikulisikia. "Huyo mzee anapiga ndege au anapiga kelele?"

Nikasema kelele.

"Sasa ukiziba kelele, ndege watatishwa na nini?"

Baba, akiona tumenyamaza, akatoa noti ya elfu kumi akaiweka mezani, akidhani tunapatana. Askari alimrudishia kwa mikono miwili.

Tulirudi nyumbani tukakuta simu za ukoo. Shangazi kutoka Chali anauliza lori letu litapita lini kubeba magunia yake. Binamu anaomba nafasi ya utingo. Jioni konda wa basi akashusha mzigo uliofungwa kwa gunia, mrefu kama mtoto wa darasa la nne: sailensa ya Fuso. Shemeji alikuwa ameuzunguka mji mzima kuitafuta, kwa furaha kwamba dada yake ameolewa na mwenye lori hatimaye. Bei sitaitaja, mke wangu husoma ninachoandika.

Tena shemeji hakupotea mbali sana. Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza ya kiwambo cha bunduki mwaka 1909, alishughulika vilevile na sailensa za magari. Baba yake, Hiram Maxim, ndiye aliyebuni mwaka 1884 ile bunduki ya rashasha ambayo Wajerumani waliwamiminia babu zetu katika Vita vya Maji Maji, watu wakaiita bombomu. Baba alileta makelele, mwana akauza ukimya. Mzee Maxim mwenyewe alikufa kiziwi, kwa miaka mingi ya kusimama karibu na bunduki zake. Nilipomsimulia Baba mkwe habari hiyo kwa sauti ya kupasua koo, alitikisa kichwa kwa huruma: "Hakuwa na bunduki nzuri."

Sailensa ilikaa wiki mbili ukutani, kuku wakailalia. Mke wangu ndiye aliyechoka kuitazama. Aliwaita watoto, wakaibeba hadi shambani, wakaining'iniza kwa waya kwenye dungu, akampa mwanangu mtaalamu wa sinema kipande cha nondo.

Alfajiri iliyofuata kijana alipiga mara moja. Sauti nzito, nene, kama kengele ya kanisa iliyofunikwa na blanketi, ikatembea juu ya majaruba. Kwelea kwelea waliinuka wote kama shuka linalokung'utwa. Akapiga ya pili. Beberu alinyanyua kichwa, akaendelea kutafuna.

Mlango ukafunguka. Baba mkwe akatoka na buti moja mguuni, mkono sikioni, amekunja uso.

"Ni nani huyo," akauliza, "anayewapigia watu kelele saa hizi?"