Namna ya Kumpita Mwenye Gari Bovu na Kubaki Mtu Mwema

Yanaanza majani. Kabla hujaliona gari lenyewe utaona rundo la matawi katikati ya njia yako, kisha jingine mbele kidogo, kisha jingine. Zipo zile pembetatu nyekundu za kuakisi mwanga, na trafiki akikukagua atataka kuziona, lakini pembetatu ni mali, na mali haiachwi barabarani ikanyagwe na Scania. Matawi hukatwa bure. Kwa hiyo anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa, akishaiacha Chalinze, ajifunze kusoma majani. Yakiwa yamenyauka, gari limelala hapo tangu jana na wewe huna jipya la kuongeza. Yakiwa bado mabichi, tatizo ni la leo, na dhamiri yako ina kazi.

Kazi yenyewe ni ya sekunde tisa. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Ukiyaona matawi kutoka mita 200, una sekunde tisa za kumtazama mtu, kupima shida yake, kukumbuka dini yako na kupata sababu safi ya kutosimama. Wasio na uzoefu hulalamika kwamba muda ni mfupi. Dereva mzoefu humaliza kwa sekunde nne, na tano zinazobaki huzitumia kusema "maskini ya Mungu."

Tuanze na namba za gari, maana hizo huamua mengi. Likiwa shangingi la serikali, namba zikianza na STK au STL, ondoa wasiwasi kabisa. Kabla hujafika Morogoro wilaya nzima itakuwa imehamia pale, na jeki zitakuwa nyingi kuliko matairi. Punguza mwendo tu ujionee, kwa sababu si kila siku mtu hupata kumwona kigogo amesimama juani akisubiri kama sisi. Likiwa la mradi wa wafadhili, lenye DFP, hao wana bajeti ya kukwama. Basi la abiria pia lipite. Kondakta ameshawaambia watu kwamba gari jingine lipo Mdaula linakuja kuwafaulisha. Amewaambia hivyo tangu saa tatu asubuhi, na sasa ni saa saba. Wewe na IST yako huwezi kufaulisha watu sitini.

Lori nalo lina utaratibu wake. Ukikuta lori limekata ekseli kwenye kona za Kitonga, usidhani wale wamekwama. Wamehamia. Chini ya tela kuna mkeka, jiko la mkaa na sufuria, na nguo za utingo zimeanikwa kwenye kamba ya turubai. Wanasubiri spea kutoka Dar, na spea ikifika watasubiri fundi. Ukisimama kuwapa pole watakukaribisha ugali, na hapo haijulikani nani amemsaidia nani.

Linabaki gari dogo: Vitz, Noah, IST mwenzako. Boneti limefunguliwa. Baba aliyevaa shati la ofisini ameinama, anaitazama injini kama mzazi anavyotazama matokeo ya darasa la saba. Huyu ndiye mtihani wako.

Bahati nzuri huwi peke yako garini. Kuna kamati. Shangazi aliyekaa nyuma atasema, "Simama mwanangu, yule ana mtoto." Shemeji atajibu bila kuinua macho kwenye simu, "Usisimame, hujui ni nani hao." Mkeo atauliza kama lile koti la mtoto si la sare ya shule. Shangazi atasema kwao enzi zile hakuna aliyepitwa. Kazi ya kamati hii, kama zilivyo kamati nyingi nchini, ni kujadili hadi jambo lipite. Mkiwa mmeshalipita gari kwa kilomita nzima, wote mtakubaliana kwa kauli moja kwamba ilifaa msimame.

Ukisafiri peke yako itabidi ujitegemee kwa visingizio, na nafurahi kukuarifu kwamba viwili vilivyo bora vimepimwa kitaalamu.

Cha kwanza ni "nyuma yangu kuna magari mengi." Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Bryan na Test, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Los Angeles. Walimweka mwanamke kando ya gari lenye pancha, na tairi la akiba, limejaa upepo kabisa, limeegemezwa ubavuni. Yalipita magari 2,000; waliosimama ni 35. Kisha nyuma kidogo, mahali ambapo madereva wangepita kwanza, wakaweka gari jingine bovu na mwanamume akionekana anambadilishia mwanamke tairi. Kati ya magari mengine 2,000, wakasimama 58. Mafunzo ni mawili. Ukiona mtu anamsaidia mwenzake, geuza uso haraka, maana wema huambukiza. Na hata siku ulipoambukiza zaidi, waliopita bila kusimama walikuwa 1,942. Ukipita, hauko mpweke.

Cha pili, na mfalme wa visingizio vyote, ni haraka. Hiki kilipimwa Princeton, matokeo yakatoka mwaka 1973. Darley na Batson waliwachukua wanafunzi wa theolojia, wachungaji watarajiwa, wakawatuma jengo la pili kutoa hotuba fupi. Njiani walimweka mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kuugua. Baadhi ya wanafunzi hao walikuwa wanakwenda kuhutubia juu ya Msamaria Mwema. Naam, yule yule wa punda, mafuta, divai na dinari mbili. Walioambiwa wameshachelewa, waliosimama ni asilimia 10. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63. Kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Kwa hiyo tumekuwa tukimwonea bure yule kuhani na yule Mlawi. Huenda walikuwa na semina Yeriko. Ushauri wangu: usitoke nyumbani bila haraka. Hata kama huna unakokwenda, beba japo kidogo.

Kwa wale ambao dhamiri zao ni ngumu kulala, ipo njia ya katikati: piga honi mara mbili, inua kiganja, tamka "pole!" ukiwa bado kwenye 80. Pole ya namna hii haimfikii mlengwa, inachukuliwa na upepo. Lakini wewe umeisikia, na hilo ndilo lilikuwa muhimu.

Sasa kuna jambo linanikera, na nitalisema hata kama linaharibu mwongozo. Dereva huyu huyu asiyekuwa na sekunde ya kusimama anafika kijiji kinachofuata. Kibao kinasema 50. Chini ya mwembe yupo trafiki na tochi yake. Dereva wetu, akishapita salama, anaanza kuwawashia taa wote wanaokuja mbele yake: basi, Fuso, bodaboda, shangingi. Haangalii namba, haulizi kama ni majambazi au wachungaji, hana kamati. Anasaidia watu ishirini asiowajua ndani ya dakika tatu, nao wanamwinulia kidole kwa shukrani, na barabara nzima inakuwa undugu mtupu. Kumbe moyo upo! Ila unafanya kazi vizuri zaidi msaada unapogharimu kidole kimoja na adui akiwa amevaa sare nyeupe.

Turudi kwenye visingizio, kwani kipo kimoja cha kweli: usiku. Usiku porini usisimame, na hapa sitanii. Wanaokumbuka mabasi ya Biharamulo yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa hofu ya majambazi hawahitaji kufafanuliwa, na tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023 barabara ina watu saa zote, wema na wasio wema. Pita, lakini usipite ukasahau. Kwenye taa za kwanza, iwe kituo cha mafuta, mizani au kituo cha polisi, simama useme umeona gari gani na wapi, au piga 112. Ubaya ni kwamba kisingizio hiki, kwa kuwa ni kizuri, kimezoeleka kutumika saa saba mchana, mbele ya genge la wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni. Na kama yote tunayotumiana WhatsApp ni ya kweli, mayai ambayo majambazi huwarushia madereva kwenye vioo ni mengi kuliko yanayoliwa mkoa mzima wa Morogoro.

Mikumi wana kisingizio chenye manyoya. Barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na aliyekwama humo hawezi hata kushuka kukata matawi. Mabango yanakutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga, kwa dola. La binadamu utakayemwacha halijawekwa. Humo si lazima ushuke. Simama sambamba, shusha kioo, uliza, kisha ukawaambie askari wa hifadhi getini.

Na lori la mafuta likipinduka, utani wote uishe. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu walikimbilia lori na madumu, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Ilikuwa hivyo Sachangwan, Kenya, mwaka 2009, na Sange, Kongo, mwaka 2010. Msaada hapo ni kusimama mbali, kuzuia wengine wasisogee, na kumnyang'anya mtu sigara hata kama ni mzee wako.

Siku zamu ikiwa yako wewe kukwama, geuza mafunzo haya ndani nje. Wanaume wenye misuli waondoke barabarani, wakakae chini ya mti mahali pasipoonekana. Kundi la vijana watano kando ya gari halijawahi kumsimamisha mtu. Mbele asimame mama mwenye kanga, na mtoto kama yupo. Boneti liwe wazi. Wewe vaa shati, chomekea. Usipunge mikono miwili kwa fujo, watadhani unawafukuza. Na akipatikana wa kwanza kusimama, mng'ang'anie hata kama hajui kitu, maana kwa kanuni ya Los Angeles yeye ndiye chambo cha wa pili.

Tuseme basi, licha ya yote haya, umesimama. Tangu unapofungua mlango wewe ni fundi. Hakuna anayeuliza cheti. Inamia injini, kunja uso, sema, "Umejaribu kuwasha?" Amejaribu. Watakuwa wamefika wengine watatu, na kila mmoja atakuwa na ugonjwa wake: huyu plagi, huyu pampu ya mafuta, huyu atasema "umeme tu huo" na kutikisa waya asioujua. Kama gari limechemsha, kazi yako kubwa ni kumzuia yeyote anayekimbilia kifuniko cha rejeta. Maji yale yanaruka na kubabua uso. Acheni injini ipoe nusu saa, pigeni hadithi za wabunge.

Mara nyingi lakini ni pancha tu. Tairi la akiba lipo, swali ni kama lina upepo. Nati hulegezwa gurudumu likiwa bado chini, si baada ya kuinua. Jeki ikizama kwenye udongo, tafuta ubao. Na magurudumu ya upande wa pili yawekewe mawe. Ni mawe yapi? Yatakuwepo jirani, makubwa na mazuri, kwa sababu aliyekwama hapo wiki iliyopita aliyaacha katikati ya barabara. Hii ndiyo mila yetu inayonishinda kuielewa: mtu anasaidiwa, gari linawaka, furaha inampanda, anaondoka mbio na kuachia mawe na matawi yamgonge wa bodaboda saa mbili usiku. Wakati Waislamu wamefundishwa kwamba hata kuondoa kinachodhuru njiani ni sadaka, na sadaka hii haihitaji hata spana. Yasogeze kwa mguu yakiwa madogo. Yakiwa makubwa, ita wale vijana waliojificha chini ya mti.

Mwisho kuna suala la hela. Mwenye gari atauliza, "Sasa kaka, nikupe nini?" Jibu ni "Hapana bwana, mambo ya barabarani hayo." Atasema, "Japo ya soda." Utakataa tena, kwa sauti ya chini kidogo. Akisisitiza mara ya tatu si vizuri kumvunja moyo. Ila angalia: wakati ninyi mnasukumana na noti, yule aliyelala chini ya gari, aliyefunga belti kwa kipande cha tyubu, ni utingo wa lile Fuso lililosimama nyuma, tena lenye mzigo wa nyanya zinazoiva. Hajasema neno tangu afike. Anafuta mikono kwenye suruali, dereva wake anampigia honi. Hela ya soda ni yake, na yeye huwa hakatai.